Mwongozaji na Wenye Wimbo

Waongozaji wa muziki ni wengi duniani, lakini wale wanaothubutu kusimama mbele ya umma na kuongoza muziki ambao haujapata kusikiwa ni wachache mno. Sababu yake haihitaji elimu kubwa. Muziki wa zamani umekwisha kupimwa na miaka. Beethoven alifariki mwaka 1827, na anayeongoza kazi zake leo haulizwi na mtu kwa nini amezichagua. Muziki mpya ni kama mwali anayetolewa nje kwa mara ya kwanza: kila jicho humkodolea yeye, na likionekana kosa lawama humwangukia kungwi.

Wazungu wanao makungwi wao wa muziki mpya, na ni haki tuwataje. Mjini Basel, Uswisi, Paul Sacher aliunda okestra yake mwaka 1926, akaitumia kuwapa nafasi watunzi waliokuwa hai. Tarehe 21 Januari 1937 okestra hiyo ilipiga kwa mara ya kwanza kazi ya Béla Bartók ya vyombo vya nyuzi, ngoma na selesta, kazi ambayo Sacher mwenyewe aliiagiza. Huko Boston, Marekani, Serge Koussevitzky alimwagiza Bartók huyohuyo kazi nyingine mwaka 1943, wakati mtunzi huyo alikuwa mgonjwa na mhitaji, na ikapigwa Desemba 1944. Watu hawa wawili walitenda jambo kubwa. Lakini tuangalie pia namna walivyolitenda. Walikuwa na fedha ya kuagizia, na walichopokea ni karatasi iliyokwisha kuandikwa, yenye jina la mwenyewe juu yake. Kazi ya mwongozaji ilikuwa kuitoa karatasi hiyo ndani ya vyombo bila kuiharibu.

Mimi nakusudia kumhakiki mwongozaji wa namna nyingine, asiyekuwa na okestra, wala fedha, wala karatasi. Naye alifanya kazi upande huu wetu wa Afrika, katika mji wa Kamina, Katanga, ambako Kiswahili husemwa sokoni kama kisemwavyo Mikindani, ijapokuwa kwa lafudhi ya huko. Jina lake ni Padre Guido Haazen, Mbelgiji wa shirika la Wafransisko, aliyezaliwa mwaka 1921 na kufariki mwaka 2004.

Padre Haazen alikabidhiwa ukuu wa shule ya Kamina mwezi Septemba 1953. Nami nimemaliza utumishi wangu nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu hapa Mtwara, kwa hiyo najua mkuu mpya hukuta nini mezani: daftari la mahudhurio, hesabu za stoo, madawati yaliyovunjika, na wazazi wawili watatu wanaosubiri kwenye benchi. Katikati ya mambo hayo Padre alipata nafasi ya kusikiliza watoto na walimu wake wanaimba nini wasipoamrishwa kuimba. Kutokana na kusikiliza huko akaunda kundi la wavulana wapatao 45, wenye umri wa miaka 9 hadi 14, pamoja na walimu 15. Kundi likaitwa kwa Kifaransa Les Troubadours du Roi Baudouin, kwa heshima ya mfalme wa Ubelgiji. Jina hilo peke yake latosha kutueleza ulikuwa wakati gani na nani alikuwa na amri.

Kazi yao kubwa ni Misa Luba, iliyoimbwa kwa mara ya kwanza katika ibada ya misheni ya Mtakatifu Bavo, Kamina, tarehe 23 Machi 1958. Wakati huo misa ya Kikatoliki ilisomwa kwa Kilatini. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano iliyofungua mlango kwa lugha za watu ilitoka Desemba 1963. Kwa hiyo waimbaji wa Kamina walishika maneno ya Roma vilevile yalivyo, wakayavisha sauti za Katanga na Kasai. Hawakuandikiwa nota. Mmoja alianza, wengine wakaitikia, sauti za chini zikatafuta mahali pake, na kilichopendeza kikabaki. Kipande cha Credo kinachosimulia kusulubiwa kimechukuliwa katika kasala, yaani maombolezo ya Waluba. Sanctus imetoka katika wimbo wa kuagana, Hosana inafuata mdundo wa ngoma ya Kasai, na Agnus Dei msingi wake ni wimbo wa Bena Luluwa. Sauti ya mbele ilikuwa ya mwalimu wa shule ileile, Joachim Ngoi.

Kampuni ya Philips iliitoa misa hiyo katika santuri. Mimi ni Mwislamu, nimekulia katika kasida na dufu, kwa hiyo naisikiliza kwa masikio tu, bila wajibu wa ibada. Na masikio yangu hayakuona ugeni. Mmoja anatoa, wengi wanapokea, na anayetoa hana haraka kwa kuwa anajua atapokewa: mwenendo huo twaufahamu tangu utoto. Sauti ya Mwalimu Ngoi haisukumwi wala haipambwi. Sauti za watoto zina ukali kidogo, kama maji ya kisima kabla hayajachemshwa, na za walimu zinakaa chini yake bila kuzizima. Inapofika sehemu ya kusulubiwa, unasikia msiba kweli, msiba wa kijijini, ambao haumsubiri mtu mwenye saa mkononi.

Sasa nauliza swali la mhakiki: katika haya yote mwongozaji yuko wapi? Hasikiki. Na hapo ndipo ilipo sifa yake.

Kiswahili kinalo neno manju, maana yake fundi wa ngoma anayezitunga na kuziongoza nyimbo zake. Katika vijiji vya huku kwetu kuelekea mdomo wa Ruvuma, wapigaji wakishakanza ngoma zao motoni na ngozi zikakaza, kiongozi wa ngoma hana kijiti wala hasimami mahali pa juu. Yumo ndani ya duara. Huutupa mstari, husikiliza umepokewaje, na ukipokewa vibaya huuacha ufe, akatupa mwingine. Padre Haazen hakuwa manju, maana wimbo haukuwa wake. Lakini alitambua kuwa muziki wa watu hawa huzaliwa kwa njia ya manju, naye akaizuia mikono yake. Kwa mwalimu hilo ni jambo gumu kupita kiasi. Sisi walimu tumezoezwa kusahihisha, na mtoto akikosea mbele yetu mikono hutuwasha. Mtu mwenye elimu ya muziki ya Ulaya kusikia sauti mbili zikienda sambamba kinyume cha alivyofundishwa, kisha akanyamaza, huyo ameongoza kweli.

Umaarufu haukukawia. Mwaka huohuo wa 1958 kundi lilisafiri Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, likaimba pia pamoja na wavulana wa kwaya ya Vienna. Miaka kumi baadaye Lindsay Anderson alitia Sanctus katika filamu yake iitwayo If...., inayohusu wanafunzi wa bweni Uingereza wanaoasi wakuu wao. Mkuu wa chuo mstaafu hawezi kuacha kutabasamu: wimbo uliolelewa na mkuu wa shule ya Kamina ukawa wimbo wa kumpindua mkuu wa shule ya Kiingereza. Mwaka 1969 ukaingia katika orodha ya nyimbo zilizonunuliwa sana nchini humo.

Kufikia hapo sina lawama. Lawama yangu inaanza kwenye karatasi. Mwaka 1964 misa hii ilichapwa kwa nota, na jina lililoishika ni la Padre. Tangu hapo vitabu vingi vya marejeo humtaja Haazen kuwa ndiye mtunzi, na waliobaki huitwa "kwaya". Kati ya watu 60 hivi waliotoa wimbo katika vifua vyao, msikilizaji wa kawaida akibahatika atalipata jina moja tu, la Mwalimu Ngoi.

Najua utetezi utakaotolewa. Watasema bila Padre kusingekuwa na santuri, wala safari, wala nota, na nyimbo zile zingekwisha pamoja na wazee wa Kasai. Utetezi huo una ukweli, nami naukubali nusu yake. Mkunga anastahili kanga na shukrani. Lakini hatujapata kusikia mtoto akiitwa kwa jina la ukoo wa mkunga.

Msomaji asidhani kuwa nagombania heshima tupu. Nitatoa mfano. Nilipokuwa mkufunzi kijana, miaka ya 1970, katika chuo kimoja nisichokitaja, mwanachuo wa kike kutoka uwanda wa Newala alitunga wimbo kuhusu mama anayesubiri malipo ya korosho. Ulikuwa na beti nne, na wote tuliusikia akiutunga jioni baada ya jioni. Ulipopelekwa mashindanoni, karatasi iliandikwa jina la mkufunzi wa kwaya. Wimbo ukashinda, ukaenea. Miaka mingi baadaye nilikutana na yule dada, naye sasa mwalimu anayekaribia kustaafu, nikamuuliza kama jambo lile lilimuuma. Alisema kilichomuuma ni ubeti wa tatu. Wanauimba vibaya, wameupindua maana, na hakuna anayejua kuwa wa kumwuliza yupo.

Hiyo ndiyo hasara hasa. Jina la mwenye wimbo ni anwani ya mahali pa kuuliza. Ukilifuta, umewafungia mlango wote watakaokuja kuimba baada yako.

Ushahidi wake ninauona katika kazi ya pili. Mwaka 1990 kwaya ya Muungano ya Nairobi, ikiongozwa na Boniface Mganga, ilirekodi Misa Luba upya kwa kampuni ileile ya Philips, pamoja na nyimbo za asili za Kenya. Ni kazi nzuri, nami huisikiliza mara kwa mara. Sauti ni za watu wazima, wanawake kwa wanaume, zimepangwa zikapangika. Hakuna anayechelewa, na besi zao zingeitikisa jamvi. Mganga anastahili sifa ya pekee, kwani alichukua muziki uliobuniwa na Waafrika wa Kamina akauthibitisha kuwa unaweza kuimbwa na Waafrika wengine wasiojua Kiluba, nje ya mji ulikozaliwa. Kazi mpya ambayo haiwezi kuimbwa na mwingine bado haijakomaa. Hapa karatasi imetusaidia, na ni lazima tuseme hivyo.

Lakini sikiliza sehemu ya kusulubiwa, kisha rudi kwenye santuri ya 1958. Pale Kamina mwombolezaji anatafuta njia. Nairobi njia imekwisha kuchongwa, naye anaipita kwa adabu. Kilichobuniwa na watu wale papo kwa papo kimekuwa sheria kwa wote waliofuata. Kosa si la Mganga. Nota alizopewa hazikumwambia ni kina nani walioimba, wapi walikuwa huru kugeuza na wapi walijifunga. Hakuachiwa mlango wa kubisha.

Mtu asiseme kuwa zama zile haikuwezekana vinginevyo. Mto wetu Ruvuma unaanzia milima ya Matogoro, karibu na Songea, na si mbali na hapo ipo Peramiho, alikotokea Padre Stephen Mbunga. Yeye alisoma muziki, akatunga kwa mkono wake misa yenye sauti za Kibantu, na mwaka 1963 kikachapwa kitabu chake kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Hapo mtunzi alikuwa mtu mmoja, akatia jina lake mwenyewe, na jambo likawa wazi. Penye wengi vilevile lingeweza kuwa wazi. Ingetosha kurasa mbili za majina.

Hukumu yangu basi ni hii. Padre Haazen namweka pamoja na akina Sacher na Koussevitzky, na kwa jambo moja namweka mbele yao: wao waliongoza muziki mpya ulioandikwa, yeye aliongoza muziki mpya kabla haujakuwapo, kwa kunyamaza na kungoja. Huo ni uongozi wa daraja la juu. Utunzi simpi. Utunzi ni wa wale wavulana na walimu wao, na wahenga walikwisha kusema kuwa mcheza kwao hutunzwa. Kumtunza mchezaji kwanza ni kumjua ni nani.

Nayasema haya nikiwafikiria walimu wa kwaya wa Mtwara, Lindi na Masasi, walio katika shule, vyuo, makanisa na madrasa. Vijana wao wanatunga kila siku, na siku hizi simu ya mkononi inarekodi wimbo kabla jasho la waimbaji halijakauka. Ndugu mwalimu, kabla hujautuma wimbo huo popote, chukua daftari. Andika nani alianza, nani aliongeza ubeti, nani alipata mdundo wa ngoma, na anatoka kijiji gani. Andika na lako pia mahali pake: mwongozaji.