Huduma Inayojua Zamu Yake

Matoleo ya mwanzo ya ruta ya Linksys WRT54G yalikuwa na megabaiti 16 tu za kumbukumbu na 4 za hifadhi. Kwa mashine finyu kama hiyo ndiko ulikozaliwa mfumo huria wa OpenWrt mwaka 2004, na ufinyu huo umeufunza nidhamu ninayoistahi mpaka leo: hakuna programu inayokesha bila kazi.

Kila huduma ina hati yake fupi ndani ya /etc/init.d. Amri moja huizima papo hapo. Nyingine huizuia isiamke ruta itakapowashwa tena. Kutenganisha mambo haya mawili ni busara kubwa, maana fundi anaweza kujaribu kwanza, aone matokeo, ndipo aamue la kudumu. Katika /etc/rc.d zimo nambari za zamu: mtandao hupewa 20, na uhttpd, inayotoa kurasa za usimamizi, hupewa 50. Yenye nambari ndogo hutangulia kuamka.

Juu ya huduma zote husimama msimamizi wao, procd. Hati ikiomba hivyo, huduma iliyoanguka huinuliwa tena baada ya sekunde chache. Ikizidi kuanguka mfululizo, procd huiacha, isije ikaimaliza ruta nguvu. Mipangilio ikibadilika, procd hulinganisha maelezo mapya na yale ya zamani, kisha huigusa huduma ile tu iliyobadilika. Nyingine zinaendelea na kazi zao bila kukatizwa.

Wazo la kuamsha huduma pale tu inapohitajika lina umri mrefu. Katika mfumo endeshi wa 4.3BSD wa mwaka 1986, programu ya inetd ilikaa kama bawabu mmoja wa milango mingi: mgeni akipiga hodi, humwita mwenyeji husika, naye akimaliza huondoka. Gharama yake ni kwamba mgeni husubiri kidogo. Ndiyo maana dnsmasq, inayotafuta anwani za tovuti kila dakika, huachwa macho muda wote. Ustadi ni kujua nani alale na nani akeshe.

Ingia kwenye ruta yako, uorodheshe huduma zinazoendeshwa. Usiyoitumia izime, kwa kuwa inakula kumbukumbu na huweza kuacha mlango wazi kwa wavamizi. Ila usiiguse Dropbear, huduma uliyoingilia ruta kwa mbali, kabla ya kuwa na njia nyingine ya kurudi ndani.