Muda Mfu si Muda wa Kuchelewa: Istilahi za Taa za Kuongozea Magari

Mswada uliotufikia ni tafsiri ya mwongozo wa programu ya kompyuta inayotumiwa kusanifu taa za kuongozea magari kwenye makutano ya barabara. Sarufi yake ni safi. Aidha mfasiri amefanya vyema kuepuka "taa za barabarani", kwani jina hilo huchanganya taa hizi na zile za kumulika njia usiku. Hata hivyo, ametumia neno "ucheleweshaji" kwa dhana mbili, na athari za jambo hilo haziishii katika lugha.

Dhana ya kwanza ni muda ambao dereva husubiri kwa sababu ya taa. Ya pili ni sekunde ambazo makutano yenyewe hayatumiki ipasavyo: magari yanapoanza kuondoka, na njia inapoachwa wazi kabla ya upande mwingine kuruhusiwa. Dhana hii ya pili ndiyo iliyomo katika kanuni aliyoitoa F. V. Webster huko Uingereza mwaka 1958, ambayo hadi leo hufundishwa. Ili kupata urefu wa duru nzima ya taa, muda huo huzidishwa kwa 1.5, hujumlishwa 5, kisha jibu hugawanywa kwa 1 iliyotolewa jumla ya uwiano wa magari yanayofika na uwezo wa njia katika kila awamu.

Tuchukue mfano. Jumla ya uwiano ikiwa 0.7, na muda huo ukiwa sekunde 12, duru itakuwa sekunde 77 hivi. Mtumishi aliyesoma "ucheleweshaji" akiingiza sekunde 40 anazosubiri dereva, atapata sekunde 217. Kompyuta hupokea tarakimu. Haimuulizi mtu alielewa nini. Watakaoadhibiwa ni abiria na waendao kwa miguu.

Kasoro ya pili ni "awamu". Waingereza hutofautisha kundi la mikondo ya magari inayopewa ishara ileile, na kipindi ambacho makundi kadhaa yasiyogongana huruhusiwa pamoja. Mswada unaviita vyote "awamu", hata msomaji asijue lipi ni kundi na kipi ni kipindi. Wamarekani nao wana matumizi yao. Hivyo mfasiri hana budi kuuliza kwanza mwongozo umetoka wapi.

Tunapendekeza "muda wa kuchelewa" kwa dereva na "muda mfu" kwa makutano. "Awamu" ibaki kwa kipindi, na "kundi la mikondo" litumike kwa dhana ile nyingine. "Duru" ifae kuliko "mzunguko", ambao wengi huuelewa kuwa ni kiplefti. Wahandisi na walimu wa ufundi wayapime maneno haya kazini. Istilahi hukubalika pale inapomwezesha mtumiaji kufanya hesabu iliyo sahihi. Ufasaha peke yake hautoshi.