Kuzumburu, Papai na Kivuli cha Paa

Anayetaka kupiga picha za ndege akiwa nyumbani kwake huulizia lenzi kwanza. Ningemshauri aanze kwa kupima kivuli cha paa.

Picha ninayoichambua ni ya kuzumburu aliyeng'ang'ania tawi kavu. Niliipiga Arusha mwezi Machi, kupitia dirisha la jikoni linalotazama magharibi. Asubuhi jua liko nyuma ya nyumba, kwa hiyo ndege humulikwa usoni. Shida ni kwamba nyumba nayo hutupa kivuli upande huohuo.

Saa mbili na nusu jua la Machi limepanda karibu nyuzi 28. Mwinamo wa paa ni mdogo kuliko hapo, hivyo ukingo wake ndio unaoamua. Ukingo huo uko mita 3.5 juu, na kivuli chake hufika mita 6 na nusu kwenye nyasi. Lakini ndege hakai kwenye nyasi! Kwenye kimo cha mita 1.5, kivuli kilekile huishia kabla ya mita 4. Tawi lililosimikwa mita 5 kutoka dirishani likabaki juani, nami nikapiga kwa f/5.6, sekunde 1/1000 na ISO 200 tu. Kivulini ningelazimika kupandisha ISO hadi 1600, na manyoya laini ya kifuani yangepotea.

Lenzi ya milimita 400, kwa f/5.6 na umbali huo, huonyesha vizuri unene wa sentimita 5 hivi. Kuzumburu ana urefu wa sentimita 35, zaidi ya nusu yake mkia. Akigeuka kidogo tu, ama jicho ama mkia unafifia. Ndiyo maana tawi lilisimamishwa wima: kuzumburu hulikumbatia mkia ukining'inia, na mwili mzima unakaa sambamba na lenzi. Papai lilikuwa pembeni, nje ya picha. Ndege hawa huja kwa kundi, na anayengojea zamu hutulia kuliko anayekula. Ua ulikuwa mita 9 nyuma ya tawi, ukayeyuka kuwa kijani kitupu.

Mwaka 1900 ndugu Richard na Cherry Kearton wa Uingereza walijificha ndani ya ng'ombe wa bandia ili wawasogelee ndege. Aliye nyumbani tayari ana maficho: dirisha wazi, kitenge chenye tundu, lenzi kati ya nondo. Vioo vingine nilivifunika kwa wavu upande wa nje, maana ndege aliyeshtuka huruka moja kwa moja kwenye kioo akidhani ni anga. Hili silioni kuwa la hiari. Papai nalo libadilishwe kila siku kabla halijachacha.

Kufikia Juni jua huchomoza kaskazini-mashariki, na mwanga hupiga ubavuni. Tawi lihamishiwe kushoto mwa dirisha, upande wa kusini, na kivuli kipimwe upya.