Nani Anamjua Mnunuzi wa Jiwe la Tabaka?

Huko Tabaka, Kaunti ya Kisii, jiwe la sabuni huchimbwa kwa mikono, huchongwa kwa panga na visu, husuguliwa kwa msasa na maji, kazi ambayo kwa sehemu kubwa hufanywa na wanawake, kisha hupakwa rangi na nta. Kila anayeshika jiwe hilo anaijua kazi yake barabara. Anayekosekana ni wa kumjua mnunuzi. Kwa miaka mingi ujuzi huo umekaa kwa madalali na kwa mashirika ya ng'ambo ya biashara ya haki. Mojawapo, Ten Thousand Villages, lilianza mwaka 1946 pale Edna Ruth Byler alipotoka Puerto Rico na vitambaa vilivyotariziwa akawauzia majirani na marafiki zake Pennsylvania. Aliyemuuzia alikuwa mbele yake, akimwona anachochagua na anachokirudisha. Oda inayofika Tabaka haibebi elimu hiyo. Inataja idadi, kimo na rangi, basi. Mchongaji asiyejua sababu ya oda hana njia ila kuiga, na mmoja akipata soko la mioyo ya mawe, mtaa mzima huchonga mioyo hadi bei ianguke.

Hoja yangu ni kwamba biashara ya mtandaoni imeiweka sababu hiyo hadharani, na anayetaka kuuza vinyago huko aisome kabla hajachonga chochote. Asianze kwa kuwauliza watu wanapenda nini, maana wengi watasifu kwa adabu tu. Aanze na waliokwisha kutoa pesa. Achague aina moja ya bidhaa, tuseme bakuli dogo, aende Etsy au Amazon asome maoni ya wanunuzi, hasa yale ya nyota mbili hadi nne. Ya nyota tano mara nyingi ni shukrani, na ya nyota moja aghalabu ni hasira ya kifurushi kilichovunjika au kuchelewa. Katika yale ya katikati ndimo mnunuzi hueleza alitaka kukitumia kitu hicho kwa kazi gani na kikamshinda wapi: kidogo mno, kizito mno, rangi si ile ya pichani. Kisha aangalie maneno ambayo watu huandika wanapotafuta. Google Trends huonyesha mwenendo wake bila malipo. Mtu ambaye hajawahi kulisikia jina la Kisii hawezi kulitafuta. Anatafuta zawadi ya harusi, au seti ya sataranji, au kisahani cha sabuni, na bidhaa isiyoitwa kwa maneno hayo hataiona kamwe.

Hapo bado hajamaliza, kwa kuwa jiwe lina uzito. Mchemraba wa sentimita 10 kila upande hukaribia kilo 3, na nauli ya kilo 3 hadi ng'ambo inaweza kuipita bei ya kinyago chenyewe. Tena, tangu Agosti 29, 2025, Marekani imeondoa msamaha wa ushuru kwa vifurushi vya thamani isiyozidi dola 800. Kwa hiyo swali la utafiti ni kitu gani kinapendwa kwa bei yake kikiwa tayari mlangoni mwa mnunuzi. Vitu vingi vinavyosifiwa sana vitaanguka kwa kipimo hicho.

Wapo watakaosema tuanze na ndugu zetu, watu wa kaunti za Kisii na Nyamira walioko Minnesota, Marekani, ambao hawahitaji kuelezwa jiwe ni nini. Ni kweli wanafikika upesi. Lakini wanaijua bei ya Tabaka, na wanaweza kuletewa vinyago ndani ya mizigo ya wageni kutoka nyumbani. Hilo ni soko jingine, na ushahidi wake uwe wa kwake: zawadi ya mwisho walimnunulia nani, kwa kiasi gani, na nani aliibeba.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kumfuata mnunuzi kutaua sanaa. Elkana Ong'esa, mchongaji wa Tabaka ambaye kazi yake iko makao makuu ya UNESCO jijini Paris, hakufika huko kwa kusoma malalamiko ya wateja. Nakubali, na wachongaji wa namna hiyo waachwe huru. Ila kisahani cha sabuni tayari kinachongwa kwa ajili ya mgeni. Tofauti ni iwapo anayekichonga anamjua mgeni huyo, au anaambiwa na dalali. Tena maoni ya jana hayawezi kukitaja kitu ambacho bado hakijachongwa, na hapo dawa ni vipande vichache vya majaribio vinavyouzwa kwa bei kamili, gharama ikibebwa na kikundi kizima. Daftari la majibu ya walionunua vipande hivyo lisomwe mbele ya wote, wasuguaji na wapaka rangi wakiwemo, kwa sababu lalamiko la mikwaruzo au rangi inayochuja halimhusu mchongaji. Linawahusu wao, na ndio wanaojua namna ya kulirekebisha.