Dosari ya Shujaa na Anguko la Kitanzia katika Tamthiliya ya Kinjeketile

Katika uhakiki wa tamthiliya ya Kiswahili, anguko la shujaa wa tanzia aghalabu hufafanuliwa kwa kutafuta dosari moja ya tabia: kiburi, tamaa au hasira. Mtazamo huu hunasibishwa na Aristotle, ingawa katika Poetiki istilahi ya hamartia inakaribia zaidi maana ya kosa la uamuzi kuliko ila ya tabia. Tofauti hiyo si ndogo. Macbeth wa Shakespeare anaangamizwa na tamaa anayoijua mwenyewe. Kinjeketile wa Ebrahim Hussein (1969) hana tamaa ya aina hiyo, na bado anaanguka.

Kinjeketile anaibuka kutoka Mto Rufiji akiwa na maji yanayoaminiwa kuwakinga wapiganaji dhidi ya risasi za Wajerumani. Maji hayo yanaziunganisha jamii zilizokuwa zikihasimiana, jambo ambalo silaha pekee zisingeliweza. Hata hivyo, ujumbe wake umebeba ahadi kwamba baada ya ushindi watu watakuwa watoto wa Seyyid Said. Anapotambua kuwa ahadi hiyo ina maana ya kumwondoa mtawala mmoja na kumpokea mwingine, anaanza kulitilia shaka neno alilolitamka mwenyewe. Kosa lake linajitokeza hapa: anawasihi watu wasubiri, lakini shaka yake haipati kauli yenye nguvu ya kushindana na ahadi ya awali. Maji yakimwagika hayazoleki. Waliokwisha kuamini wanaanza vita bila idhini yake.

Huenda ikadaiwa kwamba kusitasita huko ni woga. Onyesho la kifungoni linapinga dai hilo. Akitakiwa kukiri kwamba maji yalikuwa uongo, Kinjeketile anakataa, kwa kuwa kukiri kungewaambia wajao kwamba mapambano yenyewe yalikuwa batili. Anachotetea ni uhalali wa kupinga dhuluma, wala si sifa yake ya uganga. Lakini kukataa huko huko kunailinda imani iliyowapeleka wapiganaji kwenye bunduki. Utukufu wake na kosa lake vinakutana katika tendo moja, na mhakiki hawezi kuvitenganisha bila kuipotosha tanzia.

Ikumbukwe pia kwamba Hussein alimuumba mhusika huyu kisanaa; hukumu juu yake haimhusu moja kwa moja Kinjeketile Ngwale, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1905, mwanzoni mwa Vita vya Majimaji.

Kwa hiyo, uhakiki unaoishia kwenye dosari ya mtu mmoja unamtwika shujaa mzigo wa kushindwa kwa umma mzima, na kusahau njaa pamoja na kazi ya shuruti katika shamba la Bwana Kinoo. Hali hizo ndizo zilizolifanya neno la Kinjeketile lipokewe kabla halijapimwa. Tanzia ya Kinjeketile ni ya neno lililomshinda aliyelitamka.