Dadu Lisilorushwa

Afunguapo mtu seti ya tawla, mchezo ambao Waingereza huuita bakigamoni, hukuta ubao wenye pembetatu 24, kete 30 na madadu. Hivyo ndivyo vya lazima. Lakini aghalabu sandukuni mna vingine zaidi, na hivyo vya ziada ndivyo tukusudiavyo kuvihakiki hapa, kwani twaona kuwa vikorombwezo vya mchezo husomeka kama maandishi. Avichunguaye hutambua wenyewe walimshuku nani na walitamani nini.

Chukua kikombe. Katika mikahawa ya Uturuki na ya nchi nyingi za Kiarabu, madadu hurushwa kwa mkono mtupu, na hakuna aonaye ila. Katika mashindano ya nchi za Magharibi kikombe ni sharti, maana vidole vyaweza kuzoezwa hila. Liko pia sanduku dogo lenye vibao vya mshazari ndani: madadu hudumbukizwa juu yakatokea chini. Hilo halimwamini hata mwenye kikombe.

Wala shaka hiyo si ya leo. Mwaka 1985 ulifukuliwa huko Vettweiss-Froitzheim, Ujerumani, mnara mdogo wa shaba wa karne ya 4, zama za Warumi, uliotengenezwa kwa kazi iyo hiyo. Dadu hugonga vibamba vya ndani, huteremka ngazi, na kutoka kwake hulizwa na kengele. Ufundi huo twausifu bila kusita. Lakini ubavuni mwake fundi alitoboa herufi za Kilatini zitangazazo kwamba Wapikti, watu wa kaskazini ya Uingereza, wameshindwa, adui ameangamizwa, basi watu na wacheze kwa amani. Hapa uhakiki wetu hauwezi kuwa wa upole. Maangamizi ya watu yamegeuzwa kuwa pambo la burudani. Watakuwapo watakaosema kuwa hilo ni pambo tu. Hatukubali. Pambo lenye maneno ni maneno, na mwalimu wa fasihi asiliache lipite ati kwa sababu limeandikwa juu ya chombo badala ya karatasi.

Afadhali Kaisari Claudius, ambaye Suetonius asimulia kuwa alifungisha ubao garini mwake ili mwendo usivuruge kete. Ni kichekesho kisicho na majivuno (ingawa ndiye aliyeamrisha Uingereza ivamiwe mwaka 43!).

Kikorombwezo kilichougeuza mchezo wenyewe kilizuka New York katika miaka ya 1920, na aliyekibuni hajulikani. Umbo lake ni la dadu, bali halirushwi. Nyuso zake zimeandikwa 2, 4, 8, 16, 32 na 64. Mchezaji aonaye mambo yanamnyookea humtaka mwenziwe dau liwe maradufu. Mwenziwe hukubali, ama husalimu amri na kulipa dau lililokuwapo. Akikubali, chombo huwa chake, na ni yeye tu awezaye kuzidisha tena. Hesabu yake ni tamu. Akikataa mara nne, hupoteza madau manne. Akikubali mara nne akashinda moja tu, hupoteza sita na kupata mawili: hasara ni ile ile nne. Basi mwenye tumaini linalozidi robo moja, na akubali. Kwa kuwa uso wa 1 haupo, mchezo huanza 64 ikiwa juu, nayo huhesabiwa kuwa moja. Kwamba 64 ndiyo idadi ya kete za bao letu, na za omweso ya Uganda, ni sadfa tu.

Twakikubali chombo hiki, ijapokuwa kilizaliwa na kamari, kwani kimeongeza swali ambalo bahati haiwezi kumjibia mtu: wakati gani ni haki kusalimu amri? Swali hilo hubaki hata pasipo senti mezani. Tusichokikubali ni jina la “dadu la kuzidishia”, maana kisichorushwa si dadu. Wanafunzi wetu wa hisabati wanalo neno mchemraba. Twapendekeza kiitwe mchemraba wa dau.