Kuchapisha na Kutangaza: Uhakiki wa Vipimo vya Uwazi wa Data katika Serikali za Kaunti nchini Kenya

Upimaji wa uwazi wa data katika serikali za kaunti nchini Kenya umetawaliwa na swali moja: kaunti imeweka nini kwenye tovuti yake? Sehemu hii inahakiki vipimo vinavyotumika kulijibu swali hilo. Hoja inayojengwa ni kwamba sheria ya Kenya inazitaka kaunti zitende mambo mawili, yaani kuchapisha na kutangaza, ilhali vipimo hivyo hushughulikia la kwanza na kuliacha la pili.

Kanuni 8 za data huria zilizoafikiwa Sebastopol, California, mnamo Desemba 2007 ni miongoni mwa misingi ya upimaji huu. Ngazi ya nyota 5 ya Tim Berners-Lee nayo ilitanguliza umbo la faili: hati ya PDF yenye leseni huria hupata nyota 1, jedwali linalochakatwa na kompyuta nyota 2, na jedwali lisilotegemea programu ya kampuni moja nyota 3. Ubora wa ngazi hii ni wepesi wake. Udhaifu wake ni kuwa haiulizi data ni ya lini wala imemfikia nani. Jedwali la matumizi ya miaka mingi iliyopita laweza kupata nyota 3, huku bajeti ya wadi iliyobandikwa kwa wakati kwenye ubao wa matangazo ikikosa hata moja.

Utafiti wa uwazi wa bajeti za kaunti uliofanywa na International Budget Partnership Kenya unauvuka udhaifu huo kwa kiasi. Utafiti huo hukagua iwapo hati za bajeti zinazodaiwa na sheria zimo kwenye tovuti rasmi za kaunti, na iwapo zina taarifa za kutosha. Nguvu yake ni kufungamana na kalenda ya kisheria. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa kwenye bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, na waraka wa mkakati wa fedha kufikia 28 Februari. Kila mmoja sharti uchapishwe na kutangazwa ndani ya siku 7 baada ya kuwasilishwa. Hata hivyo, uwanja wa ukaguzi unabaki kuwa tovuti. Kitenzi cha pili cha sheria hakipimwi.

Pengo hili lina athari kwa mkazi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, katika kifungu cha 95, inazitaja redio za jamii na mikutano ya hadhara pamoja na tovuti kuwa njia za mawasiliano. Aidha, Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Lakini hati nyingi za bajeti za kaunti huandikwa kwa Kiingereza. Kanuni ya Sebastopol ya kutobagua inadai data ipatikane na yeyote bila kujisajili. Kwa tafsiri hiyo, mkazi wa Kwale anayeifungua hati asiyoweza kuisoma hajabaguliwa.

Yawezekana kutetea vipimo hivi kwa kusema kuwa tovuti hukaguliwa kwa urahisi kutoka mbali, ilhali tangazo la redio hupita bila kuacha alama. Utetezi huo una uzito, lakini hauhalalishi matokeo ya upande mmoja kuitwa kipimo cha uwazi kwa jumla. Viashiria vitatu vinaweza kuongezwa bila gharama kubwa: kuwapo kwa muhtasari wa Kiswahili, kumbukumbu yenye tarehe ya tangazo au mkutano, na uwezekano wa kufuatilia mradi mmoja kutoka bajeti hadi wadi unakojengwa. Pasipo viashiria hivyo, kaunti inaweza kupata alama za juu huku wakazi wa wadi wakiwa hawajui zahanati yao ilitengewa kiasi gani.